Karatasi Yenye Muhuri

Ilikuwa saa tano usiku, dakika 32 na sekunde 17, tarehe 20 Aprili 2004. Mwandishi wa habari mmoja wa mji wa Changsha, nchini China, alikuwa amebaki ofisini peke yake baada ya saa za kazi. Aliunganisha kompyuta na waya wa simu, akafungua barua pepe yake ya Yahoo, akatuma maelezo mafupi kwenda New York. Sekunde hizo sikuzitunga mimi. Zimo kwenye hukumu iliyompa kifungo cha miaka 10.

Jina lake ni Shi Tao. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 35, mtu wa gazeti na mshairi pia. Mchana wa siku hiyo, kwenye kikao cha gazeti lao, bosi mmoja aliwasomea wenzake yaliyomo katika waraka wa chama tawala. Miaka 15 ya mauaji ya Tiananmen, yaliyotokea tarehe 4 Juni 1989, ilikuwa inakaribia, na wakubwa walitaka magazeti yawe macho: wapinzani walioko ughaibuni wangeweza kurejea nyumbani kimyakimya, na kwenye magazeti hakutakiwa mtu wa kuchokonoa kidonda. Shi Tao aliandika alichosikia, na usiku akakituma kwenye tovuti ya Wachina wanaodai demokrasia, akaomba jina lake lisitajwe. Jina la bandia alilotumia lilikuwa tarakimu tupu, 198964. Mchina yeyote aliyeziona alijua zinasoma mwaka, mwezi na siku gani.

Siku mbili tu baadaye, tarehe 22 Aprili, barua ya Idara ya Usalama wa Taifa ya Beijing ilitua kwenye ofisi ya Yahoo jijini humo. Ilitaka vitu vichache vilivyotajwa waziwazi: maelezo ya usajili wa anwani fulani ya barua pepe, saa zote ambazo mwenyewe aliingia, anwani za IP alizotumia, na barua zilizopita humo tangu tarehe 22 Februari. Ilieleza pia kesi yenyewe: kuna mtu anashukiwa kupeleka siri za nchi kwa watu wa nje.

Taarifa zikatolewa. Anwani ya IP ilielekeza kwenye laini ya simu, laini ikaelekeza kwenye jengo, na jengo lilikuwa ofisi ya gazeti. Novemba mwaka huo Shi Tao akakamatwa, na Aprili 2005 mahakama ya Changsha ikamfunga. Katika orodha ya ushahidi, jina la Yahoo liliandikwa bila kificho, kama linavyoandikwa jina la shahidi yeyote aliyefika kizimbani akasema alichokiona.

Nimefikiria sana kuhusu mtu aliyeipokea barua ile. Simjui, na hakuna sababu ya kumtafuta. Bila shaka alikuwa mfanyakazi kama wafanyakazi wengine, na karatasi yenye muhuri mbele yake. Sidhani kama aliona kuna uamuzi wowote wa kufanya. Karatasi za namna hiyo zina kawaida ya kufika kama hati ya madai au ombi la likizo: unasoma, unatafuta, unachapa, unajaza, unasaini. Tukizungumza juu ya kampuni na madola ya kiimla tunapenda kupiga picha ya wakubwa wawili wanaonong'onezana gizani. Picha ile inatufariji, maana inatuonyesha mwovu. Ofisini Beijing huenda palikuwa na taa za kutosha, na kikombe cha chai mezani.

Habari ilipofumuka mwaka 2005, mwanzilishi mwenza wa Yahoo, Jerry Yang, alikuwa Hangzhou kwenye mkutano wa kibiashara. Mwezi mmoja kabla yake Yahoo ilikuwa imekubali kutoa dola bilioni 1 pamoja na biashara yake ya China ili ipate asilimia 40 ya Alibaba. Alipoulizwa, jibu lake lilikuwa kwamba ukifanya biashara China, au popote pale duniani, sharti ufuate sheria za mahali hapo.

Sisi Waswahili jibu hilo tunalijua tangu utoto: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Ni methali ya wasafiri na wafanyabiashara, watu wa pwani waliozoea kuishi kwa wenyeji wao, na ina busara yake. Mgeni hana haki ya kufika kwa watu akaanza kuwapangia namna ya kuishi. Meneja wa Marekani anayeamua mwenyewe sheria ipi ya nchi ya watu aitii na ipi aipuuze ana harufu ya ukoloni. Lakini isikilize methali vizuri. Imesema fumba lako jicho. La kwako. Imemruhusu mgeni kujinyima, kujibana, kujifanya haoni. Haikumruhusu kuchukua jicho la mtu mwingine aliyelikabidhi kwake akalitoa zawadi kwa mwenyeji.

Hapo ndipo neno letu la zamani linapoingia, neno ambalo wanasheria wa kampuni hawalitumii: amana. Mtu akikuwekea kitu, si chako. Huwezi kukigawa, hata kama aliyekuja kukiomba ana kanzu nyeupe kuliko yako. Barua za Shi Tao hazikuwa mali ya Yahoo ya kutoa wala kuzuia. Zilikuwa za Shi Tao, zimewekwa kwa Yahoo.

Februari 2006 kampuni nne, Yahoo, Google, Microsoft na Cisco, ziliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kujieleza kuhusu China. Mwanasheria mkuu wa Yahoo, Michael Callahan, aliwaambia wabunge kwamba ofisi ya China ilipotoa taarifa zile haikujua uchunguzi ulihusu nini. Jambo hilo likalala mwaka mzima na zaidi. Kisha Julai 2007 shirika la Dui Hua la San Francisco likachapisha ile barua ya Beijing, na wote wakasoma kilichokuwamo. Siri za nchi. Si wizi wala utapeli wa kibenki. Kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi China, maneno hayo hayahitaji tafsiri. Callahan alikuwa ameujua ukweli huo tangu Oktoba 2006, na hakurudi kwa kamati kusahihisha. Alijuta hadharani baadaye, bunge lilipomwita tena.

Kikao hicho cha pili, tarehe 6 Novemba 2007, ndicho kinachonirudisha kwenye kisa hiki kila mara. Mwenyekiti alikuwa Tom Lantos, mzaliwa wa Budapest, mtu pekee aliyenusurika maangamizi ya Wayahudi na kufika kuwa mbunge wa Marekani. Mtu kama huyo hahitaji semina juu ya karani anayejaza fomu. Nyuma ya Jerry Yang, mstari wa mbele wa wasikilizaji, alikaa mama mtu mzima aliyetoka China: Gao Qinsheng, mama yake Shi Tao. Juni ile alikuwa amesafiri hadi Cape Town kupokea kwa niaba ya mwanawe tuzo ya Kalamu ya Dhahabu ya wachapishaji magazeti wa dunia. Lantos alimtaka Yang amgeukie mama huyo na kumwomba radhi. Tajiri yule, mzaliwa wa Taipei, akageuka kwenye kiti chake akainamisha kichwa mbele yake, kama kijana anavyoinama kwa mkubwa wake. Mama alikuwa analia.

Sijui nimhukumu vipi kwa kuinama kule. Wapo walioona maigizo. Mimi naona kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, mtu wa kampuni alilazimika kutazama uso badala ya anwani ya IP. Wiki moja baadaye Yahoo ilimaliza nje ya mahakama kesi iliyofunguliwa Marekani na familia ya Shi Tao pamoja na ya mfungwa mwingine, Wang Xiaoning, ambaye naye alipatikana kupitia taarifa za Yahoo. Fedha zilitolewa, mfuko wa kuwasaidia wapinzani ukaanzishwa, na miaka kumi baadaye baadhi ya wapinzani hao wakawa mahakamani wakidai fedha za mfuko zilitafunwa. Hiyo ni hadithi nyingine, na haipendezi.

Utetezi mmoja wa Yahoo, hata hivyo, siwezi kuupita. Walisema kwamba kama ofisi ya Beijing ingegoma, ambao wangebebwa usiku si wakubwa wa California, ni wafanyakazi wa Kichina walioko pale. Ni kweli. Ni rahisi mno kumtaka karani awe shujaa ukiwa unaandika sura ya kitabu na mlango umefungwa. Lakini utetezi huo unajikata wenyewe mguu, kwa sababu unatuambia uamuzi halisi ulifanyika lini. Haukufanyika tarehe 22 Aprili 2004. Ulifanyika siku ile mtu fulani alipoamua kwamba barua pepe za Wachina zitahifadhiwa ndani ya China, chini ya watu wasioweza kukataa. Barua yenye muhuri ilikuja kuchukua tu kilichokuwa kimekwisha kuandaliwa.

Google waliliona hilo. Walipofungua google.cn Januari 2006 walikubali kuchuja matokeo ya utafutaji, aibu ambayo walilaumiwa kwayo kwa haki. Ila huduma ya barua pepe na ya blogu hawakuiweka kule, kwa sababu hiyohiyo: hawakutaka kuwa na sanduku ambalo siku moja wangeamriwa kulifungua. Apple ilikwenda upande wa pili. Kuanzia tarehe 28 Februari 2018 data za iCloud za wateja wake wa China zilihamia kwa kampuni inayomilikiwa na serikali ya jimbo la Guizhou, na funguo zake nazo zikahifadhiwa ndani ya nchi. Sheria ya China ilitaka hivyo, wakasema Apple. Wenye chongo.

Na kuna programu ya Signal. Mwaka 2016 mahakama ya Virginia, Marekani, iliiamuru itoe taarifa za namba mbili za simu. Signal ilitii. Ilichokuwa nacho ni tarehe akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho ilipounganishwa, basi. Mkono mtupu haulambwi. Kampuni ile haikuwa jasiri kuliko nyingine siku amri ilipofika. Ilikuwa imefanya ujasiri wake mapema, mafundi walipokaa mezani wakaamua nini kisihifadhiwe kabisa.

Amri ile, kumbuka, ilitoka Marekani. Na kwa kuwa haki ni haki, Yahoo wana ukurasa wao mzuri pia. Mwaka uleule 2007 ambao Yang aliinama, mawakili wa Yahoo walikuwa kwenye mahakama ya siri ya Marekani wakipinga amri ya serikali yao wenyewe ya kutoa taarifa za wateja bila kibali kwa kila mmoja. Walishindwa mwaka 2008. Nyaraka zilipofunguliwa mwaka 2014 ilijulikana kwamba serikali ilikuwa imewatishia faini ya dola 250,000 kwa siku. Kampuni ileile. Kule nyumbani palikuwa na mahakama ya kupigania, hata kama ni ya siri. Beijing ilikuwa ni kusaini tu. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema wanafuata sheria kila mahali kwa usawa, nauliza: sheria mnayopinga mahakamani ni ya wapi, na ile mnayoitii bila kupinga ni ya wapi?

Mtaani kwetu kuna kijana wakala wa pesa za simu, ana meza moja, mwavuli na kaunta buku. Kila muamala anauandika: tarehe, jina, namba, kiasi, saini. Siku moja nikiwa kwenye foleni alikuja baba mmoja akaegemea meza, akataka kuonyeshwa kama mkewe alitoa hela Ijumaa. Kijana akafunga daftari akalikalia.

"Mimi mumewe, dogo."

"Shikamoo baba. Basi muulize mwenyewe nyumbani."

Foleni ikacheka, yule baba akaondoka akinung'unika. Zamu yangu ilipofika nikamuuliza kijana: na akija polisi je? Hakucheka.

"Akija na karatasi yenye muhuri nitafanyaje, kaka? Nina watoto."

Sikuwa na jibu, na sikumlaumu. Nilitazama tu lile daftari alilolikalia, namba yangu ikiwamo na saini yangu, miezi na miezi.

Kampuni kubwa za simu zina madaftari marefu zaidi. Juni 2014 Vodafone ilitoa ripoti ya nchi 29 inakofanyia biashara, ikieleza serikali zinaomba nini kwao. Tanzania, kwa mwaka mmoja, maombi ya taarifa za mawasiliano yalikuwa 98,785. Namba hiyo naiandika kwa uangalifu, kwa sababu ndani yake wamo wezi wa simu, matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii," watekaji, na wazazi wanaotafuta mtoto aliyepotea. Polisi asiyeweza kuomba taarifa za simu ni polisi aliyefungwa mikono, na mtu aliyetapeliwa anataka afunguliwe. Tatizo ni kwamba ombi la kumtafuta mwizi na ombi la kumtafuta mwandishi yanafika kwenye fomu moja. Yahoo walikuwa na maelezo hayohayo, na barua ya Beijing ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya kipolisi ileile.

Na fomu hiyo si ngumu kuipata. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinampa ofisa wa polisi anayesimamia kituo mamlaka ya kuamuru mtu atoe data alizonazo. Amri kama hizo ziliwafikia wenye JamiiForums, jukwaa ambalo tangu mwaka 2006 Watanzania wameandika humo kwa majina ya bandia yaliyojaa utani, wakimwaga mambo ya mashirika, ya mizigo ya bandarini, ya wakubwa. Polisi walitaka majina halisi ya baadhi ya waandikaji. Wenye jukwaa, Maxence Melo na mwenzake, walikataa. Desemba 2016 Melo alikamatwa, akalala mahabusu siku kadhaa, kisha zikaanza safari za Mahakama ya Kisutu, kesi tatu. Mashtaka yalikuwa kuzuia upelelezi, na jingine la kuendesha tovuti isiyosajiliwa kwa kikoa cha Tanzania, .tz, ambalo mtu ukilisoma mara ya kwanza unadhani limekosewa kuchapwa. Mwaka 2018 waliachiwa katika kesi moja. Aprili 2020 Melo alitiwa hatiani katika nyingine na kutakiwa kulipa faini ya shilingi milioni 3 au aende jela mwaka mmoja.

Alikuwa hana hisa Hangzhou wala jengo California. Alikuwa palepale Dar es Salaam, anatembea njia moja na waliomkamata. Hoja ya Yahoo, kwamba mtu aliyeko chini ya mkono wa dola hana namna ila kutii, aliikuta ikimhusu yeye mwenyewe kwa mwili wake, na bado majina hayakutoka. Simtumii Melo kumpiga yule karani wa Beijing, wala wakala wangu. Namtumia kuwapiga wakurugenzi.

Septemba 2024 gazeti la Guardian la Uingereza liliandika yaliyosemwa kwenye baraza la kazi jijini London. Mpelelezi wa zamani wa ndani wa Millicom, kampuni iliyokuwa mmiliki wa Tigo, alidai kwamba Tigo Tanzania iliipa serikali taarifa za simu za mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu na mahali alipokuwa, katika wiki za kabla ya kupigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Alidai pia kwamba aliondolewa kazini kwa kulisema hilo. Dai si hukumu, na waliofyatua risasi zile hawajafikishwa mahakamani hadi leo, kwa hiyo hakuna anayeweza kuchora mstari kutoka seva hadi bunduki. Ila fikiria kazi ile ilivyo kitaalamu. Mnara hujua simu ilipo kwa sababu usipojua, simu haitaita. Hakuna aliyebuni hilo kwa ubaya. Linakuwa baya siku linapotunzwa muda mrefu kuliko linavyohitajika, na kuna mtu anayeweza kuliomba bila kupita kwa hakimu.

Ningepewa nafasi ya kuuliza swali moja kwenye kampuni yoyote inayokuja kwetu na mabango yake, nisingeuliza kama mtatii amri ya serikali. Najua watasema nini. Ningeuliza mnahifadhi nini, siku ngapi, na nani ana ufunguo. Halafu ningengoja, maana kwa maswali hayo msemaji huwa anaomba dakika moja ampigie mtu simu.

Shi Tao alitoka jela tarehe 23 Agosti 2013, miezi 15 kabla ya muda wake kwisha. Siku nne kabla, tarehe 19 Agosti, huduma ya barua pepe ya Yahoo China ilikuwa imefungwa, na wateja wake wameshaambiwa wahamishie barua zao kwa Alibaba. Hata kama alikuwa bado anaikumbuka nywila yake, hapakuwa na sanduku la kufungua.